Umri wa Nyatiti

Mimi huuza vitu vilivyokwisha kuuzwa na watu wengine. Makochi, meza, redio, vitanda vya watu walioachana, sufuria zenye historia ndefu upande wa chini. Kibanda changu kiko Kawangware, mbele ya ploti ninayokaa, na kazi hii imenifundisha kwamba uzee wa kitu unategemea ni nani ameshika pesa. Nikiuza, kabati ni la zamani, mbao zake siku hizi hazipatikani. Nikinunua, kabati hilohilo limechoka, na mwenyewe anafaa kunishukuru kwa kumwondolea takataka. Nimewahi kuyasema yote mawili kuhusu kabati moja, asubuhi na jioni, na usiku nikalala vizuri.

Kwa hivyo binti mmoja jirani alipokuja kibandani na baba yake, amebeba kitu kilichofungwa kwa shuka, nilivaa uso wangu wa kununua. Ni uso rahisi. Unaangalia kitu kama mtu anayekumbuka ameacha maharagwe motoni.

Akafungua shuka. Ilikuwa nyatiti: bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, fito mbili zimechomoka humo kama pembe, ufito wa tatu umelala juu ya hizo mbili, na nyuzi zimevutwa kutoka kwenye ngozi hadi huko juu. Nikahesabu nyuzi. Nane. Nikahesabu tena, maana vitu vikifika kwangu huwa vimepungukiwa na kitu. Nane.

Mwenye ploti wetu, ambaye babu yake alilima viazi pale nilipopanga makochi, na ambaye hakosi kutokea panapofunguliwa mzigo, aliinama akaitazama.

"Hii ni kiti ya mtoto?"

"Ni nyatiti," mzee akasema.

"Na inakaliwa wapi?"

"Haikaliwi. Inapigwa."

Mwenye ploti aliizunguka mara moja. "Haya. Mradi haikuli stima," akasema, akaenda zake.

Watu walimwita yule mzee Jaduong', jinsi Waluo wanavyomwita mzee wa heshima. Mimi ni Mluhya lakini nikamwita hivyohivyo, maana jina lilimkaa kama kofia yake. Miaka yake mingi ya Nairobi aliipitisha Gatwekera, kule Kibera, chumba kimoja cha mabati, mchana kibarua cha mjengo, jioni nyatiti. Mtu akifa, aliitwa. Mtu akioa, aliitwa. Halafu kiharusi kikamshika upande wa kulia, na binti yake akamhamishia kwake Kawangware, akawa anamkanda kila asubuhi. Mdomo ulirudi. Mguu ukarudi. Mkono ulikuwa unarudi pia, lakini kama mtu aliyetumwa dukani na hajaambiwa ni haraka.

"Nataka uniuzie," akasema. "Mti huu ulichongwa na mjomba wangu kabla sijaoa. Nyatiti ya zamani ni bei."

"Inalia vizuri?"

"Hapana. Sauti imekufa."

Nimeletewa redio isiyo na kitu ndani, na mwenyewe akaapa iko sawa. Sijawahi kuletewa mzigo na muuzaji anayeanza na ubaya wake.

"Jaduong', hiyo sehemu ya pili tutaiacha nyumbani."

"Utaisema. Mtu akinunua nyatiti imekufa na hajui, atanilaani."

Alipotangulia kuondoka, binti alibaki akijifanya anapima kochi.

"Mathe, usiuze haraka," akasema.

"Mnaniletea kitu niuze, mnaniambia nisiuze."

"Yeye ndiye ameileta. Mimi nimebeba tu."

Akanieleza. Kwa miezi mingi baba yake hakuigusa nyatiti. Ilitundikwa ukutani sebuleni, juu ya runinga, mahali pa heshima. Mkono ulipoanza kushika kikombe, aliiteremsha, akaianika juani kama inavyofaa ili ngozi ikaze, akaketi, akapiga. Ikatoa sauti ya mtu anayepigapiga gunia la unga. Kesho yake akajaribu tena, gunia lilelile. Akairudisha ukutani, na tangu siku hiyo akakataa kwenda kliniki kwa mazoezi ya mkono.

"Anasema mkono anautengenezea kazi gani, na kazi imekufa," binti akasema. "Na kule kliniki walishatuambia, mkono ukiachwa hivi utakauka vile ulivyo. Hata kifungo cha shati hatafunga. Akiuza hii, ameuza na mkono."

Sikumwahidi chochote. Nilimwambia tu kwamba kwanza lazima nijue nauza nini.

Nilimfahamu mpigaji mmoja wa nyatiti aliyekaa Kianda, kule Kibera. Alikuwa mtu wa kukodiwa, anapiga kwenye harusi na kwenye hoteli za watalii, na uani kwake alitengeneza nyatiti mpya za kuuza. Mara mbili alikuwa amepita kwangu akitafuta nyatiti ya zamani. Ya zamani, alisema, haina mpinzani.

Mtu wa boda boda alitaka nauli ya watu wawili, kwa sababu nyatiti ilikalia kiti. Nikamwambia abiria ni mtu anayeweza kuanguka akalalamika. Tulizungumza hilo mpaka wateja wake wawili wakaenda na wenzake, akakubali nauli ya mtu na mzigo. Njia nzima nyatiti ilinikaa mapajani kama mtoto wa kliniki.

Yule wa Kianda aliipokea kwa mikono miwili. Hakuvaa uso wa kununua hata kidogo, na nikamhurumia, maana mtu wa namna hiyo unaweza kumuuzia hata kivuli. Aliigeuza. Kwenye ufito wa chini palikuwa na shimo laini, limelika kama ngazi ya mlangoni.

"Unaona hapa?" akaniuliza. Mpigaji wa nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na anapopiga nyuzi kwa vidole, mguu unagonga mti kwa ile pete. "Hili shimo si la kuchongwa. Hili ni la kugongwa. Huyu mzee amepiga hii kitu mpaka mti umekubali."

"Umekubali nini?"

"Kuimba. Mti mpya una maji, na maji hayaimbi. Mti ukikaa miaka, unakauka. Halafu ukipigwa kila siku, unazoea kutikisika. Ndiyo maana ya zamani iko mbele."

Maneno yanayokaribiana na hayo nimewahi kuyasema kuhusu kitanda.

Aliketi kwenye kigoda, akaiegemeza, akapiga. Gunia la unga. Akakaza nyuzi, akapiga. Gunia la unga, limekazwa. Akaichukua moja ya zake, mpya, mti wake bado mweupe, akapiga wimbo uleule. Ikalia vizuri, sauti nyembamba kidogo, lakini ya kusikika mpaka barabarani.

"Sasa hiyo yako ya maji inaimba," nikamwambia, "na hii kavu ndiyo imenyamaza. Hayo masomo ulisomea wapi?"

Hakukasirika. Alikuwa mtu wa ajabu hivyo. Alipindua nyatiti ya Jaduong', akagonga mgongo wa bakuli kwa kifundo cha kidole. Mti ukajibu: sauti safi, ndefu, kama mlango wa nyumba tajiri. Akagonga mgongo wa ile yake mpya. Ikajibu pia, fupi.

"Mti mzima," akasema. "Mti hauna makosa."

Akaigeuza, akaisukuma ngozi kwa kidole gumba. Kidole kikateleza. Akakitazama, nami nikakitazama. Nilichukua ncha ya leso yangu nikasugua ile ngozi, na leso ikatoka na manjano. Nikanusa. Harufu hiyo naijua kuliko manukato, maana ndiyo ninayopaka visigino kila Jumapili: mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale ya kopo, ambayo nusu ya Nairobi inajipaka na haina hata mbuzi.

"Nani amepaka ngozi mafuta?" akauliza polepole.

Ngozi ikinywa mafuta, alinieleza, haikazi tena. Unaweza kuianika hadi Krismasi. Jua ndilo kwanza linayayeyusha yaingie zaidi. Wakati huo kichwa changu kilikuwa kimekwishafika Kawangware, sebuleni, juu ya runinga.

Nilimkuta binti akiosha vyombo. Nikamuuliza baba yake anakandwa mkono na mafuta gani. Akanitajia yaleyale ya kopo. Nikamuuliza yale yanayobaki viganjani anayapeleka wapi.

Aliweka sahani chini.

"Ilikuwa inapauka pale ukutani," akasema. "Wageni wakija naona haya. Nikimaliza mkono wa baba, badala nipanguse kwa taulo, naipitishia mara moja. Kila asubuhi." Kisha, taratibu zaidi: "Si ngozi ni ngozi?"

Wala Jaduong' asingeyagundua. Yeye mwenyewe alinuka mafuta hayo kutwa nzima. Angeyanusia wapi kwenye nyatiti? Bahati ni kwamba mgongo wa bakuli uliangalia ukuta. Upendo wote wa yule binti uliishia mbele.

Nilikuwa tayari kumpa uwongo mzuri. Ninao wa kila aina, wa kabati, wa redio, na wa nyatiti ungepatikana. Lakini aliipangusa mikono akaingia ndani, na mimi nikabaki mlangoni, nikasikia anamwambia kwa Kiluo, moja kwa moja, bila kujitetea. Halafu nikasikia mzee anakohoa, na kumbe hakuwa anakohoa.

"Njoo ndani, mama," akaniita. Alikuwa anapangusa machozi ya kucheka kwa mkono ule mzuri. "Umesikia? Huyu amenipaka mimi, halafu akaona nyatiti imekaa tu, haijakunywa dawa."

"Baba, samahani."

"Samahani ya nini? Mkono umelainika, hata wewe umeona. Shida ni ulitaka tulainike wote." Akanigeukia. "Na mti? Yule wa Kianda alisema nini juu ya mti?"

"Alisema mti ni mzima."

Aliacha kucheka. Aliuliza tena, nami nikajibu tena vilevile, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mwingine akihakikisha jambo mara mbili kama mimi.

Sasa ikabaki kuwamba ngozi nyingine, na fundi ni yuleyule wa Kianda, aliyekuwa akitafuta kununua akajikuta mrekebishaji. Nilikwenda naye kuzungumza. Kumbe hakutaka pesa. Alitaka nyimbo. Zile anazopiga hotelini ni za kuwachangamsha watalii. Zile za matanga, za kumsindikiza mtu kwa majina ya ukoo wake, hakuwa nazo, na Jaduong' alikuwa nazo. Akaomba afundishwe nyimbo tatu. Mimi kwa mazoea nikampunguza, tukafikia mbili.

Nilipomletea Jaduong' habari hiyo nikitarajia asante, alikunja uso.

"Mbili? Umeniuza rahisi hivyo? Mwambie ni tano."

Katika maisha yangu ya biashara hiyo ndiyo mara pekee mteja wangu alipandisha bei anayolipa yeye mwenyewe.

Niliongeza sharti moja langu. Yule wa Kianda awambe nyatiti mbili pamoja, hii ya zamani na moja yake mpya, kwa ngozi ya ng'ombe mmoja, na nyuzi za nailoni za bunda moja. Kama ni mti, basi tusikie mti. Nimechoka kuuza zamani bila kujua ninauza nini.

Ngozi zilipokauka tulikutana uani kwake, Kianda. Akatundika shuka mlangoni, akaketi nyuma yake na nyatiti zote mbili. Sisi watatu tulikaa nje: mimi, binti, na Jaduong' akiwa ameupa mlango mgongo kwa hiari yake, mkono wa kulia umelala pajani. Kazi ilikuwa kusema ipi ni ya zamani.

Wimbo wa kwanza nikasema, hii ndiyo. Ikawa mpya. Wimbo wa pili nikabadilisha masikio, nikasema hii ni mpya. Ikawa ya zamani. Binti alipata moja akakosa moja, na ile aliyopata alikiri amebahatisha. Mimi niliona zote mbili nzuri. Ile mpya sasa ilikuwa na sauti nene kuliko siku ile ya kwanza, maana ngozi ilikuwa bora. Na ile ya zamani ilikuwa na kitu chini yake, kama mtu wa pili anayeitikia kutoka chumba cha pili, lakini ningeapa hivyo mahakamani? Hapana.

Jaduong' hakungoja wimbo. Fundi alipokuwa bado anakaza nyuzi, kabla hajapiga chochote cha maana, mzee alisema, "Hiyo ni yangu." Fundi akabadilisha. "Hiyo siyo." Nikawaambia warudie yote kutoka mwanzo. Wakarudia. Nikaingia nyuma ya shuka mwenyewe, nikachagua mimi ya kupigwa, nikamkataza fundi hata kukohoa. Mzee hakukosa.

Kutoka nyuma ya shuka yule wa Kianda akasema, "Hata mimi, ukinizungusha hivyo, nitakosa." Sikutegemea mtu anayetengeneza na kuuza aseme hivyo mbele ya mteja. Heshima yangu kwake ilipanda, na wasiwasi wangu kuhusu biashara yake pia.

Lakini mimi si mtu wa kuachia hapo. Nilivuta kigoda karibu na mzee.

"Jaduong', kuijua naona unaijua. Mimi nikimsikia mtoto wangu anakohoa ploti ya pili namjua, lakini siwezi kusema anakohoa vizuri kuliko wengine. Nataka kujua hivi: ni nzuri zaidi, ama ni yako tu?"

Kuku alipita, akaangalia, akaenda.

"Ilipokuwa mpya ilikuwa mkaidi," akasema hatimaye. "Uzi wa tano na wa sita walikuwa hawaelewani. Mjomba wangu aliniambia nisiiguse kwa kisu, nipige tu. Nikapiga. Mwaka ukapita, nikaona wameelewana. Sasa sijui kama ni mti ulibadilika ama ni vidole vyangu vilijua kupita katikati yao." Akatikisa kichwa. "Huwezi kuniuliza mimi. Ili nijue, ingefaa mmoja wetu akae bila kuzeeka. Na hatukupata nafasi hiyo."

Nimezungumza na wauzaji wengi wa vitu vya zamani, nami ni mmoja wao. Hakuna aliyewahi kushika bidhaa nzuri kiasi hicho mkononi, na watu watatu wakingoja neno lake, akasema hajui. Nilimtazama mzee huyo nikaona kwamba ningempa nyuso zangu zote mbili, ule wa kununua na ule wa kuuza, na asingejua la kufanya nazo.

Fundi alitoka na nyatiti akaiweka mbele yake. Binti akamvalisha pete kwenye kidole cha mguu. Mkono wa kushoto uliingia kwenye nyuzi kama mtu anayeingia kwake. Wa kulia ukapandishwa, ukawekwa, ukasubiriwa.

Akaanza wimbo wa kwanza kati ya zile tano. Mguu uligonga palepale kwenye lile shimo, na sauti ikatoka, ile yenye mtu wa pili chini yake, na ghafla hata mimi nikaisikia bila kubahatisha. Ila mkono wa kulia ulichelewa. Kila alipofika mahali fulani, kidole kilifika baada ya vingine, kama mtoto wa mwisho mezani. Hakusimama. Aliimba huku akipiga, sauti ya chini, na mkono ukichelewa aliungoja, kisha wakaendelea wote.

Yule wa Kianda alikuwa na nyatiti yake mpya mapajani, anafuata. Alikuwa na sikio jema. Mara ya tatu aliushika wimbo mzima, pamoja na kule kuchelewa. Aliufanya uchelewe palepale, vizuri sana, hata ukapendeza.

Jaduong' akaweka kiganja juu ya nyuzi zake, zikanyamaza.

"Hapo usinifuate," akasema. "Hapo si wimbo. Hapo ni mkono unakosa."

"Lakini imekaa poa, Jaduong'."

"Imekaa poa na si yenyewe. Utaenda kumsindikiza mtu na ugonjwa wangu?" Akajaribu kumwonyesha. Kidole kikachelewa. Akajaribu tena, akakisemesha kwa Kiluo, kwa ukali, jinsi mtu anavyomsemesha ng'ombe aliyelala kwenye mtaro. Kikachelewa kidogo kuliko mwanzo, lakini kikachelewa.

"Basi tuanze na wa pili," fundi akasema kwa upole. "Huo tuuruke."

"Haurukwi. Tano nilisema, ni tano, na huu ndio mlango wake. Nitakuonyesha mkono ukirudi."

Aliutazama mkono huo pale juu ya mti kana kwamba ni wa mpangaji. Kisha akamgeukia binti yake.

"Ile kliniki hufungua saa ngapi?"

"Saa mbili," binti akasema, na hakuinua macho kutoka kwenye ile pete aliyokuwa anaivua.

"Basi tutoke saa moja. Huwa kuna foleni."